Prado imekuja na matairi ya theluji: yabaki au yatolewe?

Swali: Mtaalamu, habari za majukumu. Nafanya biashara ya viazi na mbao hapa Makete. Nimenunua Land Cruiser Prado ya mwaka 2006 kutoka Japani, na imekuja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, 265/65R17 112Q, na pembeni kuna namba 4216. Meno yake bado yana kina kizuri. Wiki nyingi napita Kitulo alfajiri kwenda Mbeya, na mara mojamoja nashuka Dar es Salaam. Wenzangu wananiambia kuwa haya ni matairi ya theluji na nisiyaguse, maana huku kwetu ni baridi. Fundi mmoja anataka kuyachukua pamoja na rimu zake ili anifungie rimu za spoti za inchi 20, na mwingine ana rimu za Pajero zenye matundu sita kama za kwangu. Je, niyaache, ninunue mapya ya aina hiyohiyo, au nibadili matairi na rimu kabisa?

Jibu: Ndugu yangu wa Makete, nianze na jibu lenyewe, kisha sababu zifuate. Matairi hayo yatoe kabla mvua hazijakolea, usinunue mengine ya aina hiyo, baki na rimu zako za inchi 17, na uzifunge matairi mapya ya A/T, yaani yale ya barabara zote, yenye saizi ileile iliyopo sasa. Nunua matano badala ya manne kama mfuko unaruhusu. Rimu za inchi 20 na zile za Pajero waachie wenyewe, na nitaeleza huko chini kwa nini hizo za Pajero ni hatari zaidi kuliko zinavyoonekana.

Maandishi uliyoninukulia yanasema mambo mengi. STUDLESS maana yake ni tairi la theluji lisilo na misumari. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia ya huo upana, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 inaonyesha kwamba tairi moja likijazwa upepo ipasavyo hubeba hadi kilo 1,120, na herufi Q ni kikomo cha mwendo, kilomita 160 kwa saa, ambacho ni cha chini kwa gari la ukubwa huo na ni cha kawaida kwa matairi ya Kijapani ya theluji. Namba 4216 ndiyo tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 42 ya mwaka 2016, yaani Oktoba, wakati viwanda vinapeleka sokoni matairi ya msimu wa baridi. Kwa hiyo matairi yako yana umri wa zaidi ya miaka minane, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nikushauri uyatoe hata kama ungekuwa unaishi kwenye theluji. Kina cha meno hakionyeshi umri. Tairi linaweza kukaa stoo miezi minane ya kila mwaka, meno yakabaki marefu, huku mafuta yaliyoulainisha mpira yakiendelea kupotea polepole.

Tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira laini kuliko wa tairi la kawaida, wenye silika nyingi, ili usikakamae baridi inaposhuka. Mpaka unaotumiwa na watengenezaji ni nyuzi joto 7 za Selsiasi: chini ya hapo mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, na juu ya hapo mpira wa theluji huanza kuwa laini kupita kiasi. Jambo la pili ni mikato. Chukua tochi uangalie jino moja la tairi lako kwa karibu, utaona limekatwakatwa kwa mistari myembamba ya kupindapinda, kana kwamba mtu alilipitia kwa wembe. Mikato hiyo hufunguka tairi linapokanyaga, huing'ata theluji na kufyonza utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Bonyeza ukucha kwenye jino hilo, kisha ubonyeze kwenye tairi la Hilux ya jirani lenye matairi ya kawaida. Yakiwa mapya, tofauti ungeisikia mara moja. Kwa umri wa hayo yako, huenda usiisikie tena, na hapo utajua kwamba hata sifa ya kwanza ya tairi la theluji imeshaondoka.

Pengine unajiuliza kwa nini hayana misumari, kama yale tunayoyaona kwenye picha za Ulaya ya kaskazini. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia matairi ya misumari, kwa sababu misumari ilikuwa inaikwangua lami na kuijaza miji vumbi. Viwanda vikalazimika kutafuta mshiko ndani ya mpira na mikato, na ndiyo maana karibu kila tairi la theluji linaloingia nchini likiwa limevaliwa na gari la Kijapani ni la aina hiyo. Lina alama nyingine inayofaa kuijua: katikati ya mifereji kuna vivimbe vidogo vinavyofikiwa na uso wa tairi likishalika nusu. Mjapani akiona vimefikiwa, halipeleki tena tairi hilo kwenye theluji. Vivimbe vingine, vifupi zaidi, huonyesha kina cha milimita 1.6, ambacho ni mwisho wa tairi kwa matumizi yoyote.

Sasa hoja ya wenzako, ambayo siidharau. Ni kweli kwamba uwanda wa Kitulo una mwinuko wa takribani mita 2,600, na kwamba kati ya Juni na Agosti mtu anayepita huko alfajiri hukuta majani yameota weupe wa jalidi na kioo cha gari kimeganda. Katika saa hizo barabara huwa chini ya nyuzi 7, na tairi jipya la theluji lingeshika vizuri kidogo kuliko la kawaida. Lakini jua likishachomoza na ukungu ukapanda, barabara hiyohiyo hufika nyuzi 15 au 20 kabla ya saa sita mchana, na wewe wakati huo umeshateremka Isyonje unaitafuta Uyole. Ukijumlisha saa zote ambazo gari lako linatembea kwa mwaka mzima, zile ambazo mpira wa theluji ungekusaidia ni chache sana, na hata hizo hazina theluji ndani yake. Katika nchi yetu theluji ya kudumu iko kileleni Kilimanjaro, mahali ambapo Prado haifiki.

Ukiwa na mpira huo kwenye saa zilizobaki, hasara inaanza. Lami ikiwa na joto, meno laini yenye mikato mingi hujipinda chini ya uzito wa gari. Utaihisi kwenye usukani kwanza, kwa sababu gari huchelewa kuitikia, na utaihisi kwenye breki, kwa sababu gari husimama mbali zaidi. Fikiria safari yako ya Dar es Salaam: unateremka Kitonga nyuma ya malori, lami ina joto, gari limebeba mzigo, kisha unaingia kwenye bonde la Ruaha na kuendelea hadi Mikumi ambako mchana lami huchoma mguu. Hayo ndiyo mazingira ambayo tairi la theluji halikutengenezewa, na huko ndiko utakakokwenda mwendo mkubwa kuliko kote. Litalika haraka, na likiwa na upepo pungufu litapata joto jingi ndani, na joto ndilo linaloyapasua matairi mengi ya barabara kuu.

Hata hivyo, hasara iliyo kubwa kwako nadhani ni tope. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, pale ambapo lami haijafika, njia za Makete, Njombe na Mufindi huwa udongo mfinyanzi unaonata, na upande wa Rungwe na Kitulo kuna udongo mweusi wa volkano unaoteleza ukishalowa. Tope linataka tairi lenye nafasi pana kati ya meno, ili kila duara moja la gurudumu lilirushe nje tope lililong'ang'ania na meno yakutane na udongo upya. Mikato ya tairi la theluji ni myembamba mno kwa kazi hiyo. Ingiza gari kwenye njia ya shamba la viazi baada ya mvua, zungusha magurudumu kidogo, kisha shuka uyaangalie: mikato yote itakuwa imezibwa kwa udongo na tairi limekuwa laini juu yake kama tairi kipara. Kwenye theluji mambo ni tofauti, kwani theluji hushikana na theluji, hivyo ile iliyobaki ndani ya mikato inasaidia mshiko. Tope halina tabia hiyo.

Kuna dhana moja ambayo naiona sana kwa wenye magari yanayovuta magurudumu yote manne, nayo inawapeleka watu mitaroni. Mfumo huo unakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye kusimama hauna mchango wa maana, kwa sababu kila gari, hata lile dogo linalovuta kwa mbele tu, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Prado yako inavuta manne muda wote kupitia difu ya katikati, yaani ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo itapanda mlima wenye utelezi bila kulalamika na kukufanya uamini kwamba barabara ni nzuri, hadi utakapokanyaga breki kwenye mteremko wa upande wa pili. Hapo kinachokushika ni viganja vinne vya mpira vinavyogusa ardhi, basi. Ndiyo maana nasema fedha ya mwenye gari la namna hii ianze kwenye matairi kabla ya taa za ziada na vyuma vya bampa.

Kabla ya kuingia kwenye ununuzi, nitoke kidogo nje ya swali lako. Gari lililokuja na matairi ya theluji huenda liliishi Hokkaido au mikoa mingine ya Japani yenye theluji nyingi, kama Niigata na Nagano, ambako barabara hunyunyizwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Gari likiwa limenyanyuliwa kwa ajili ya kubadili matairi, ingia chini na bisibisi, ugongegonge chesisi kwenye maungio, na uangalie mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli ya nyuma pamoja na sehemu zinakofungwa shokapu. Kutu ya juujuu unaipiga brashi na kuipaka rangi. Ukiona chuma kinatoka magamba, au bisibisi inazama, hilo ni la kushughulikia kabla ya matairi, na hasa mabomba ya breki usiyaahirishe hata kwa safari moja ya Chimala.

Kuhusu matairi mapya. Katika saizi yako utakutana na makundi matatu, na herufi zake huandikwa ubavuni: H/T ni ya lami, M/T ni ya tope zito, na A/T yako katikati. H/T ni tulivu na hudumu, lakini njia ya kwenda kupakia viazi itakushinda mwezi wa Januari. M/T yanavutia macho, na mtu anayeishi ndani ya msitu wa mbao kule Mufindi akiingia kwenye lami mara chache namwelewa akiyanunua. Wewe unayepita lami ndefu hadi Dar es Salaam, yatakupigia kelele njia nzima, yatakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa hushika vibaya kuliko unavyodhani, kwa sababu meno makubwa machache yana mpira mdogo unaogusa barabara. A/T yatakupa kiasi cha kutosha cha kila kitu. Hayatalingana na M/T kwenye tope la magotini, nami sioni kwa nini ulipe kila siku gharama ya tope ambalo utalikuta siku chache za mwaka, ambazo koleo na subira vinazitosha.

Iwapo bado una wasiwasi na alfajiri za Kitulo, ipo njia ya kupata kidogo cha tairi la theluji bila hasara zake. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji na kufaulu, na siku hizi baadhi ya matairi ya A/T yanayo, kwa mfano BFGoodrich All-Terrain KO2 na Yokohama Geolandar A/T G015 katika saizi nyingi. Usiichanganye na herufi M+S, ambazo mtengenezaji hujiandikia mwenyewe bila kipimo chochote, na zipo karibu kwenye kila tairi la gari la aina yako. Hata Ujerumani iliacha kuzihesabu M+S peke yake kuwa ni tairi la msimu wa baridi kuanzia Oktoba 2024. Alama ya mlima ukiipata kwa bei ileile, ichukue. Usiifuate kwa kuongeza fedha nyingi, kwa maana kwetu mpangilio wa meno na umri wa tairi ni muhimu zaidi.

Usikubali chini ya namba 112 ya uzito, hasa kwa kuwa unabeba magunia. Ukikuta saizi hiyo ikianzwa na herufi LT, ujue ni tairi la gari la mizigo, lenye ubavu mgumu na uwezo mkubwa zaidi. Linafaa kwa njia za mawe makali, lakini linahitaji upepo mwingi kuliko unaoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni ili libebe uzito uleule, na gari likiwa halina mzigo litakurusha kwenye makorongo. Kwa gari linalobeba watu na mzigo wa wastani, la kawaida linatosha. Dukani, soma zile tarakimu nne kwenye kila tairi, moja baada ya jingine, kwa sababu matairi manne yaliyofungwa pamoja yanaweza kuwa na tarehe tofauti. Mimi sichukui tairi “jipya” lililokaa zaidi ya miaka miwili hivi dukani, na lililoanikwa juani mbele ya duka silichukui hata kama ni la mwaka huu. Matairi ya mtumba kutoka Japani yapo mengi, na mengi ya yale yenye meno marefu na bei ya kuvutia ni haya haya ya STUDLESS unayotaka kuyakimbia. Sasa unajua namna ya kuyatambua.

Jambo jingine lisilo na mjadala ni kubadili yote kwa pamoja. Najua desturi ya kununua mawili leo na mawili baada ya mavuno. Kwenye gari linalovuta manne muda wote, matairi yenye mzunguko tofauti huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, nayo hupata joto na kulika. Tofauti ya milimita moja ya kina cha meno hubadili mzunguko wa tairi kwa milimita sita na kidogo, na Subaru, kwa mfano, huwaambia wateja wake kwamba tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ambayo ni kiasi hichohicho. Prado ina uvumilivu mkubwa zaidi kuliko Forester, lakini tairi jipya la milimita 11 mbele na kuukuu la milimita 4 nyuma ni mbali mno.

Tuje kwenye rimu. Rimu inakaa vizuri kwenye gari pale vipimo kadhaa vinapolingana kwa wakati mmoja, na idadi ya matundu ya nati ni kimoja tu kati ya hivyo. Prado yako ina matundu sita yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Pajero nayo ina sita kwenye duara lilelile, na hapo ndipo fundi wako alipoona zinafanana. Lakini tundu la katikati la rimu ya Pajero lina takribani milimita 67, na kitovu cha Prado kinahitaji tundu la milimita 106. Rimu hiyo haitaingia hadi mtu alichonge tundu la katikati kwenye mashine, na akishalichonga ameondoa nyama ya chuma mahali ambapo rimu imebeba uzito wote, mara nyingi bila kuipata katikati halisi. Matokeo yake ni mtetemo ambao hakuna balansi itakayouondoa, na nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya nati. Ukipewa rimu hizo bure, bado ni ghali.

Kipimo kingine ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa kitovu, ambao huandikwa ndani ya rimu kwa herufi ET au kama namba yenye alama ya kujumlisha. Rimu za asili za Prado ya inchi 17 huwa na milimita 30 hivi. Ukiweka zenye namba ndogo sana, gurudumu linatoka nje ya bodi, linatupa matope hadi kwenye vioo, linasugua bodi ukikata kona, na linazitesa beringi za magurudumu kwa sababu uzito unazining'inia kwa mbali. Watu wengi hupenda muonekano huo. Mimi nikiuona kwenye gari la mtu anayeteremka Chimala mara kwa mara, huwaza beringi.

Rimu za inchi 20 zina kasoro tofauti, nayo ni ubavu. Ili gurudumu libaki na kimo kilekile cha jumla, cha karibu milimita 776, tairi la rimu ya inchi 20 linapaswa kuwa mfano wa 265/50R20, ambalo ubavu wake ni milimita 132, wakati wako wa sasa ni milimita 172. Zile milimita 40 zilizopotea ndizo zinazomeza mawe, mashimo na kingo za lami iliyokatika. Ile barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona zaidi ya hamsini, haina huruma na ubavu mfupi: jiwe moja lenye ncha likibanwa kati ya barabara na ukingo wa rimu, umepoteza vyote viwili. Isitoshe, tairi la namna hiyo huwezi kulipunguza upepo ukiwa kwenye tope, kwa sababu halina kimo cha kunepa. Na likipasukia Kikondo saa kumi na mbili jioni, hakuna duka la jirani litakalokuwa na saizi hiyo, ilhali 265/65R17 huvaliwa na Hilux nyingi na utaipata hata Makambako.

Ukitaka seti ya pili ya rimu kwa sababu yoyote, tafuta za Hilux au Prado zenyewe, na uzipime mviringo kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa. Za chuma ni nzito na hazipendezi, lakini zikipinda fundi wa kijijini huzinyoosha kwa nyundo, jambo ambalo haliwezekani salama kwa zile za aluminiamu. Muhimu ni nati. Nati za rimu za asili za aluminiamu za Toyota zina shingo iliyonyooka na washa bapa, wakati zile za rimu za chuma, na za rimu nyingi za spoti, zina uso wa koni. Zote zina uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5, hivyo ya aina moja itajifunga vizuri kabisa kwenye rimu ya aina nyingine, na hapo ndipo ajali inapoanzia, kwa kuwa imejifunga bila kukaa. Fungua nati moja uiangalie kabla fundi hajaanza kazi. Nati ikae kwenye tundu kwa uso wake wote.

Kwa zile alfajiri za jalidi, dereva ana mchango mkubwa kuliko tairi. Kwenye changarawe jalidi haina madhara makubwa. Hatari iko kwenye lami, hasa madarajani na kwenye kona zilizofunikwa na miti ambako jua huchelewa, na pale maji ya chemchemi yanapovuka barabara usiku yakaganda. Teremka kwa gia ndogo, gusa breki mapema na kwa upole gari likiwa limenyooka, na difu ya katikati usiifunge ukiwa kwenye lami kavu. Minyororo ya magurudumu, ambayo niliwahi kuulizwa na mwenzako wa Njombe, haina kazi kwetu. Kwenye tope husaidia kidogo na huichimba njia ya wenzako, na kwenye lami huharibu tairi na lami yenyewe.

Upepo nao una mambo yake kwa mtu anayepanda na kushuka kama wewe. Baridi hupunguza upepo, karibu psi moja kwa kila nyuzi tano na nusu zinazoshuka, wakati mwinuko huongeza kile ambacho geji inasoma, kwa sababu hewa ya nje inakuwa nyepesi. Ukijaza psi 32 Dar es Salaam asubuhi kwenye nyuzi 30, kisha ukapima Kitulo alfajiri kwenye nyuzi 4, baridi itakuwa imekunyang'anya kama psi nne na mwinuko umekurudishia kama psi nne, na geji itasoma karibu palepale. Kwa hiyo huna haja ya kujaza na kupunguza kila unapobadili mkoa. Kinachowaponza watu ni kupima tairi likiwa la moto. Dereva anasimama Mikumi mchana, anakuta psi 37, anashtuka na kutoa upepo hadi 32, na kesho yake alfajiri akiwa Makete ana psi 27 bila kujua, na magunia nyuma. Pima gari likiwa limelala usiku kucha, fuata kibandiko cha mlangoni, ongeza kwa matairi ya nyuma ukiwa na mzigo, na usitoe upepo kwenye tairi la moto. Kwenye tope unaweza kushuka hadi psi 22 hivi kwa mwendo wa taratibu, mradi una kompresa ndogo ya kurudishia kabla hujaingia lami. Ule upepo wa naitrojeni unaouzwa mjini si mbaya, ila hewa ya kawaida nayo ina asilimia 78 ya naitrojeni, kwa hiyo sioni unachonunua.

Tairi la tano, kama umelimudu, lifungwe kwenye rimu ya spea na liingie kwenye mzunguko pamoja na mengine kila baada ya kilomita 8,000 au 10,000, ili yote matano yalike sawasawa na siku ya pancha difu isipate mgeni. Kama hukulimudu, chagua spea kutoka kwenye matairi ya zamani lenye hali nzuri kuliko yote, na ulitumie kwa kufika kwa fundi pancha wa karibu tu, kwa mwendo mdogo. Yale matatu yaliyobaki usimuuzie mtu anayekwenda nayo barabarani bila kumweleza umri wake. Baada ya kufunga matairi mapya pima alaimenti, kisha kaza nati upya kwa mkono wako ukishatembea kilomita 80 hadi 100, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare.